Ukibadilisha lebo mafuta hayawi maji: habari za .jpg, .png, .heic na ndugu zao

Juzi usiku nishaingiza bango la nje, nimebakiza kushusha geti la steshenari tu, kijana mmoja akaja anahema utafikiri kakimbia kutoka Nkuhungu mpaka hapa Makole. Laptopu kwapani, simu mkononi, maombi ya kazi yanafungwa saa sita usiku na saa hizo ni saa mbili na nusu. Mfumo unataka picha iwe JPG, isizidi MB 2. Anaaplodi, unakataa, anaaplodi tena, unakataa.

"Kaka, picha ni JPG kabisa, angalia mwenyewe."

Nikaangalia, na kweli jina linasema picha_yangu.jpg, ukubwa MB 1.4, hamna kosa. Nikamuuliza, mdogo wangu, hii ulipiga na simu gani? iPhone ya dada. Na hiyo .jpg ya mwisho uliiandika wewe? Akacheka kidogo. "Ilikuwa inaishia na heic, zile picha za iPhone, nikaona mfumo unataka jpg, nikarinemu."

Nimekaa kwenye hii kazi miaka sasa na sidhani kama wiki inapita bila kukutana na hili jambo, na sio vijana tu, wanaleta watu wa maofisini, wanaleta walimu, wanaleta hata mafundi mabango ambao ndo ilitakiwa watufundishe sisi. Kwa hiyo leo ngoja niliandike lote, mtu akija nimtumie tu asome huku nikiendelea kuprinti.

Wewe kama umewahi kutoka Dodoma kwenda Singida kwa basi unawajua wale akina mama wanaopanga mafuta ya alizeti pembeni ya barabara. Mafuta yako kwenye nini? Kwenye chupa za maji. Lebo bado ipo, imeandikwa maji safi ya kunywa, na ndani kuna alizeti ya njano inang'aa. Hakuna anayedanganyika kwa sababu chupa inaonekana ndani. Sasa weka chupa isiyoonekana ndani, halafu mletee mtu mwenye kiu. Hiyo .jpg mwishoni mwa jina la faili ni lebo ya chupa. Kiswahili cha vitabuni wanaiita kiendelezi, sisi huku tunasema ekstensheni, wengine wanasema "zile herufi za mwisho baada ya nukta", zote sawa. Ni sehemu ya jina, basi. Ukiibadilisha umebadilisha jina, kilichomo ndani hakijaguswa hata chembe, na yule kijana alikuwa kabandika lebo ya maji kwenye chupa ya alizeti.

Kwa nini sasa kuna lebo

Kompyuta yenyewe haijui picha wala barua wala wimbo. Kila faili kwake ni namba zimepangwa mstari mmoja mrefu, sifuri mpaka 255, sifuri mpaka 255, mpaka mwisho. Wimbo wa Injili na picha ya harusi na orodha ya wanachama wa vikoba, zote ni namba hizo hizo. Ili kujua hizi namba zisomwe vipi, lazima kitu fulani kiseme, na njia moja ya kusema ni hiyo lebo. Kwenye Windows ukibonyeza faili mara mbili inachoangalia kwanza ni herufi za mwisho: .docx mpelekee Word, .mp3 mpelekee programu ya muziki, .jpg mpelekee programu ya picha. Ndo maana ukifuta ekstensheni faili linageuka karatasi nyeupe na kompyuta inakuuliza, hii nifungue na nini?

Haya mambo yametoka mbali. Enzi za MS-DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, iliyotoka 1981, jina la faili lilikuwa na nafasi ya herufi 8 tu, nukta, halafu herufi 3. Ukitaka kuandika "taarifa ya kikao cha mwezi wa tano" utajibana mwenyewe. Windows 95 ndo ikaleta majina marefu, lakini tabia ya herufi tatu ikawa ishazoeleka, na hapo ndipo yalipozaliwa maswali ninayoulizwa kila siku: jpg na jpeg zina tofauti gani? Hazina tofauti. Ni kitu kile kile, moja ilikatwa herufi ili itoshe kwenye zile tatu. Vivyo hivyo tif na tiff, htm na html. Kwa hiyo ukiona mfumo unakubali jpg unakataa jpeg, hapo kweli unaweza kurinemu bila wasiwasi, na aliyetengeneza huo mfumo tumuombee tu.

Tatizo ni kwamba Windows inaficha lebo. Ukinunua laptopu mpya inakuja hivyo, unaona "picha_yangu" tu bila .jpg wala .png, eti isikuchanganye, na hicho kitu kimeniletea shida kuliko virusi. Mtu anataka kurinemu, anaandika "cheti.pdf" kumbe jina kamili linageuka cheti.pdf.docx na yeye haoni. Fungua folda yoyote, nenda View, tafuta panapoandikwa File name extensions, weka tiki. Kwenye Windows 11 utapita kwanza kwenye Show. Kompyuta zote za dukani kwangu hilo ndo jambo la kwanza kufanya, kabla hata ya kuweka nywila.

Na wahuni wanapapenda hapo hapo panapofichwa. Mwaka 2000, mwezi wa tano, kuna kirusi kilizunguka dunia nzima kwa imeili, kilikuja kama barua ya mapenzi, faili linaitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kwa sababu Windows ilificha ile .vbs ya mwisho watu wakaona .TXT, wakajua ni maandishi tu, wakafungua, na vbs ni programu inayojiendesha. Huku kwetu tunaonana nayo kwa sura nyingine: mtu analeta fleshi, ndani kuna folda yake "Research", ina alama ya folda kabisa, rangi ya njano, ila ukiwasha ekstensheni unakuta Research.exe, nayo ni programu. Folda haina ekstensheni, jamani. Ukiona folda ina .exe au fleshi nzima imegeuka vishale vya shortcut, usibonyeze, niite.

Chungulia ndani

Sasa hapa ndo panapochanganya watu wengi, na ngoja niende taratibu. Chukua picha ya PNG, irinemu iwe .jpg, ibonyeze. Mara nyingi itafunguka vizuri tu! Kwa hiyo mtu anasema, wewe fundi si ulisema haibadiliki, mbona imekubali? Haijabadilika. Programu za picha na vivinjari vya intaneti vingi haviamini lebo, vinafungua chupa vinanusa kwanza. Vikikuta ni PNG vinaisoma kama PNG, na lebo yako ya uongo vinaipita kimya kimya bila kukuambia. Simu nazo ziko hivyo hivyo. Ndo maana ile picha ya kijana ilifunguka kwenye iPhone bila shida akaamini kazi imeisha, akaja kukutana na mfumo wenye mlinzi getini anayefungua mabegi.

Wananusa nini? Kila aina ya faili, au niseme nyingi, zina alama mwanzoni kabisa, kama muhuri. Unaweza kuiona mwenyewe, huhitaji programu ya maana. Chukua picha, tengeneza kopi yake kwanza (usiguse ile halisi), bonyeza kulia, chagua kufungua na Notepad. Utamwagiwa takataka, miraba, alama za kuuliza, herufi za nchi za watu, lakini angalia mstari wa kwanza tu. Ikiwa ni PNG utaona herufi moja ya ajabu halafu PNG. Ikiwa ni GIF itasema GIF89a au GIF87a. JPG inaanza na vidudu visivyosomeka halafu hapo karibu unaona JFIF au Exif. PDF inaanza na %PDF, wazi kabisa. BMP inaanza na BM. HEIC ya iPhone, mwanzoni pale utakuta ftypheic. Ukishaona, funga, na wala usisevu, maana Notepad ikisevu itajaribu kuandika hizo takataka kama maandishi na kopi yako itakufa hapo hapo.

Nilimfanyia yule kijana hivyo. Nikafungua picha_yangu.jpg kwenye Notepad, nikaweka kidole kwenye skrini: f, t, y, p, h, e, i, c. Akanyamaza.

Kuna moja inanifurahisha kuliko zote. Fungua faili la Word la .docx na Notepad, utaona linaanza na PK. Hizo ni herufi za jina la Phil Katz, Mmarekani aliyebuni mafaili ya zip mwaka 1989. Kumbe docx ni nini? Ni zip. Ni mfuko uliofungwa, ndani kuna vijifaili vingi. Na hapa, ajabu yake, kurinemu kunafanya kazi kweli: tengeneza kopi ya docx, badilisha .docx iwe .zip, ifungue, ingia folda ya word, ingia media, utakuta picha zote zilizokuwa kwenye hiyo dokumenti zimekaa zimetulia. Nimewaokoa wanafunzi wa UDOM wengi kwa hilo, mtu amepoteza picha za fildi zote, zimebaki kwenye ripoti tu, tunazitoa moja moja. Inakubali kwa sababu ndani ni zip kwelikweli, lebo mpya imesema ukweli. Xlsx na pptx nazo ni hivyo hivyo.

Picha zinatofautiana kwa zinachotupa

Twende kwenye picha zenyewe. Simu ya kawaida saivi inapiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Zidisha, milioni 12. Kila pikseli, yaani kila kidoti, inahitaji namba tatu, nyekundu ngapi, kijani ngapi, bluu ngapi. Hiyo ni milioni 36 za namba, na kila namba inakula baiti moja, yaani MB 36 kwa picha moja. Sasa fikiria ungetuma picha 50 za send-off kwenye grupu la familia kwa bando la buku. Haiwezekani, na ndo sababu zikabuniwa hizi aina mbalimbali. Zote zinajaribu kupunguza hizo namba, tofauti ni kwamba mmoja anapunguza kwa akili bila kutupa kitu na mwingine anatupa.

JPEG anatupa. Jina ni kifupi cha kamati ya wataalamu wa picha iliyoanza 1986, na viwango vyao vikatoka 1992. Hesabu iliyo moyoni mwake ilichapishwa 1974 na Nasir Ahmed na wenzake wawili, na ni ya ujanja sana. Kwanza inajua jicho la binadamu linaona mwanga na kivuli vizuri kuliko linavyoona rangi, kwa hiyo mara nyingi inapunguza habari za rangi mpaka robo na wewe hustuki. Pili inakata picha vipande vipande, kila kipande pikseli 8 kwa 8, na kila kipande inakiuliza: wewe una mambo mengi au umetulia? Kipande cha anga la bluu la Dodoma mwezi wa saba, ambalo halina hata wingu, kimetulia, kinaandikwa kwa maneno mawili matatu. Kipande cha majani ya mzabibu, majani juu ya majani, vivuli, kamba, hicho kina mambo mengi, kinakula nafasi, na yale mambo madogo madogo sana ambayo jicho halitayafuatilia, yanatupwa. Jaribu mwenyewe: piga picha anga juu ya mlima wa Mlimwa, halafu piga shamba la zabibu kule Hombolo, kwa simu moja, pikseli zile zile. Angalia KB. Zitapishana mno.

Ile MB 36 JPEG anaishusha mpaka MB 3 au 4 na huoni tofauti. Kwa picha za watu, harusi, mandhari, hamna ubishi, ni yeye.

Ila ana tabia mbaya mbili. Ya kwanza, kilichotupwa hakirudi, na kila ukiifungua ukaiediti ukaisevu tena anatupa tena. Kufungua na kuangalia tu hakuharibu, watu wanaogopa bure, ni kusevu upya ndo kunaharibu. Unaijua ile picha ya tangazo la msiba iliyopita kwenye magrupu 15, kila mtu kaiskrinshoti, kakata juu kakata chini, katuma tena? Mpaka ikufikie jina la marehemu linasomeka kwa kukisia. WhatsApp ukituma kama picha yenyewe inapunguza, kwa hiyo mteja ukinitumia picha ya kuprinti kubwa nitumie kama dokumenti, nenda kwenye klipu, chagua dokumenti, tafuta picha, tuma. Hapo inafika kama ilivyo. Nimelisema hili mpaka koo limekauka.

Tabia ya pili ni maandishi. JPEG alibuniwa kwa vitu vinavyobadilika polepole, kama uso wa mtu au kilima. Herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe zinabadilika ghafla, nyeusi-nyeupe-nyeusi, hapo anachanganyikiwa, anaacha kama vumbi pembeni ya kila herufi. Zumu skrinshoti ya JPG utaliona, kama ukungu mchafu, na ukizumu zaidi utaona ile miraba ya 8 kwa 8 yenyewe.

Kwa maandishi, skrinshoti, michoro na nembo, tumia PNG. Huyu hatupi kitu. Anapunguza kwa kuona yanayojirudia, mfano badala ya kuandika nyeupe nyeupe nyeupe mara elfu anaandika "nyeupe, mara 1000", ukifungua unapata kila pikseli kama ilivyokuwa. Kwa skrinshoti inakuwa faili dogo na safi. Lakini mpe picha ya shamba la zabibu, hamna kinachojirudia pale, na kwa kuwa kakataa kutupa, faili linafumuka mpaka MB 15 na kuendelea. Halafu mtu ananiambia "fundi geuza hii JPG iwe PNG iwe kwoliti". Haiwi. PNG atatunza kwa uaminifu mkubwa yale yale mavumbi aliyoyaacha JPEG.

Na PNG ana kitu ambacho JPEG hana kabisa, uwazi. Pikseli inaweza kuwa kama kioo, ukaona kilichoko nyuma. Mama mmoja mweka hazina wa kikundi alikuja kuprintisha fulana za bluu, kaleta nembo, duara zuri lina mtungi katikati, ila ni JPG. Tukaiweka kwenye fulana, duara limekaa ndani ya boksi jeupe kama stika ya bei. Akaniambia, "Mwanangu, hilo boksi mimi sikuliomba." Hakuliomba kweli, ila JPEG hajui "hapa hamna kitu", lazima kila pahala pawe na rangi, akaweka nyeupe. Tulimpigia aliyechora nembo, akatuma PNG, boksi likapotea. Ila angalia, kama angeigeuza tu ile JPG kuwa PNG boksi lingebaki, maana weupe ule ungekuwa ushakuwa rangi, lazima mtu aukate.

PNG amezaliwa kwa ugomvi, hii naipenda. Kabla yake alikuwepo GIF, ambaye kampuni ya CompuServe ilimtoa 1987, aliyeongoza kazi ni Steve Wilhite. Akaenea kila mahali. Kumbe hesabu ya kubana iliyo ndani yake ilikuwa na hataza (patent) ya kampuni nyingine, Unisys, na mwisho wa 1994 wakatangaza wanaotengeneza programu za GIF walipe. Watu wa intaneti wakawaka, na Januari 1995 kikundi kikiongozwa na Thomas Boutell kikaanza kubuni mbadala wa bure, 1996 PNG akakamilika. Hataza ile ishakwisha siku nyingi, na GIF bado yupo, ila ana rangi 256 tu kwa picha, kwa hiyo uso wa mtu unatoka na madoa. Amebaki kwa vile vipicha vinavyocheza. Stika za WhatsApp je? Hizo ni WebP, za pikseli 512 kwa 512.

WebP yenyewe ni ya Google, ya 2010. Ndo hiyo unayosevu kutoka mtandaoni halafu programu ya zamani inakataa kuifungua. Anaweza kutupa kama JPEG na anaweza kutotupa kama PNG, uwazi anao, na faili lake dogo. HEIC ya iPhone ilikuja na iOS 11, mfumo wa iPhone, mwaka 2017, inabana karibu mara mbili ya JPEG kwa ubora ule ule, kitu kizuri kabisa, tatizo lake ni moja, mifumo mingi ya kujaza fomu haijaijua au haitaki kuijua. Ukiwa na iPhone ingia Settings, Camera, Formats, chagua Most Compatible, kuanzia hapo itapiga JPEG. Zile za nyuma hazibadiliki, hizo lazima zigeuzwe.

Bango la mita tatu

Rudi kwa yule mama, maana wiki mbili baadae alitaka bango la mita tatu, nembo iwe na upana wa mita moja. Ile PNG ilikuwa na pikseli 200 kwa upana. Piga hesabu: mita moja ni milimita 1000, gawa kwa 200, kila pikseli inakuwa mraba wa milimita 5, yaani punje ya mtama. Bango lingeonekana kama mkeka. Na hakuna programu ya kuongeza pikseli ambazo hazikupigwa, zinazodai zinaongeza zinabuni, na kwenye herufi zinabuni vibaya.

Kwa kazi hiyo unahitaji picha ambayo haina pikseli kabisa, ndo SVG, au PDF iliyotoka kwenye programu ya kuchorea. Hizi hazitunzi vidoti, zinatunza maelekezo: chora duara, katikati hapa, upana huu, rangi hii. Ukikuza, kompyuta inachora upya, iwe kwenye kadi ya mkononi au ukuta wa ghorofa Mtumba, inatoka kali. SVG ukiifungua na Notepad unayasoma maelekezo yenyewe kama maandishi. Kwa hiyo ukichorewa nembo, mdai mchoraji SVG au PDF yake siku ile ile unayomlipa, maana ukimtafuta baada ya mwaka kabadilisha laini. Picha ya kamera huwezi kuifanya SVG ya maana, usijisumbue, na JPG iliyobandikwa ndani ya PDF bado ni JPG, lebo tena hiyo.

Tukarudi kwa kijana

Saa tatu kasoro nikafungua ile HEIC kwa programu inayoisoma, nikasevu upya kama JPEG. Hapo ndo ndani yake namba zinapangwa upya, tofauti kabisa na kurinemu. Mstari wa kwanza ukasema JFIF. Akashangilia, akaaplodi, mfumo ukakataa. Safari hii kwa ukubwa: MB 2.9. Si nimesema HEIC inabana mara mbili? Ile MB 1.4 ikifunguliwa na kupangwa kwa JPEG inavimba.

Wengi hapa wanakimbilia kushusha ubora, wanavuta ule mshale mpaka sura inakuwa ya miraba. Usianzie huko, anza na pikseli. Picha ya paspoti ya mm 35 kwa 45, ikiprintiwa kwa vidoti 300 kwa inchi kama tunavyofanya dukani, inahitaji pikseli 413 kwa 531 tu. Yeye anawapelekea milioni 12 wakati wanahitaji laki mbili na ushee! Nikamkata kuanzia kifuani kwenda juu, nikapunguza mpaka 413 kwa 531, ubora nikaacha juu kabisa, faili likawa KB 90. Hiyo habari ya dpi (vidoti kwa inchi) nayo, ile namba ya 72 au 300 inayoandikwa kwenye faili, kwenye skrini haifanyi chochote, inamwambia printa tu avitawanye vidoti kwa upana gani.

Picha ikapita, tiki ya kijani. Akaenda kwenye kipengele cha pili, CV, mfumo unataka PDF. Akachagua faili linaitwa CV_mpya.pdf, alama nyekundu kabisa, likakataliwa. Akalitazama. Akanitazama. Halafu yeye mwenyewe, bila mimi kusema neno, akabonyeza kulia, akachagua Notepad, na herufi mbili za kwanza zilikuwa PK.